Chupa ya Kitunguu Saumu

Elieth alikuwa na sauti ya kumwita mbuzi aliye ng'ambo ya mto, na Jumanne hiyo aliitumia yote kumsimulia Bi Lorraine jinsi mnada wa kanisani ulivyofana. Alisimulia huku anakoroga uji, huku anapangusa meza, huku anajichekea mwenyewe. Bi Lorraine, mwenye umri wa miaka tisini na ushei, alikula kidogo kidogo na kutikisa kichwa kwa adabu. Alikwisha kuzoea kwamba mtunzaji wake huyu Mtanzania wa Bukoba hawezi kufanya kazi bila kuongea.

"Na sanduku lako, Bibi, ndilo lililotikisa ukumbi," alisema Elieth. "Njuguna, dalali wetu, alilinyanyua pale mbele akapaza sauti: marashi ya mabibi wa Kimarekani, nani anampenda mkewe! Watu wakapandishiana bei mpaka mchungaji akavua koti."

"Sanduku lipi?"

"Lile la mbao, la chupa nne. Lenye picha za maua kwenye kifuniko."

Kijiko cha uji kilisimama njiani, kati ya bakuli na mdomo.

Ni kweli kwamba wiki iliyotangulia Bi Lorraine alimruhusu ashuke chumba cha chini ya nyumba, achukue chochote kitakachofaa kwa mavuno ya kanisa. Nyumba ilikuwa ya matofali, mtaa wa Brookland huko Marekani, ileile alimozaliwa, na chumba hicho kilijaa vitu vya marehemu mama yake, ambaye wakati wa vita kuu ya pili alikuwa mlinzi wa mtaa. Kulikuwa na kofia ya chuma iliyopakwa rangi nyeupe, vitambaa vizito vyeusi vya kuziba madirisha ili ndege za adui zisione taa, na marobota ya vijikaratasi vyenye michoro, vya kuwafundisha akina mama wa nyumbani namna ya kufukia bomu la moto kwa mchanga. Elieth alivipenda mno vijikaratasi hivyo tangu alipovigundua kiangazi. Sanduku nalo alilichukua kwa sababu lilikuwa zuri, basi. Maandishi yake yalikuwa yameliwa na unyevu, zikabaki picha tu: nyasi zilizokatwa, maua ya aina mbili, na kichwa cha kitunguu saumu.

Bi Lorraine aliweka kijiko chini. Kiswahili alikisoma chuoni akiwa tayari mtu mzima, enzi zile vijana weusi wa Marekani walipovaa vitenge na kujipa majina ya Kiafrika, kisha akakifundisha miaka mingi. Akikizungumza utadhani anasoma taarifa ya habari. Safari hii alikizungumza polepole zaidi.

"Elieth, nisikilize vizuri. Hayo si marashi. Hizo ni gesi za vita."

"Gesi?"

"Mama yangu aliwafundisha walinzi wenzake kuzitambua kwa harufu, ili adui akizimwaga juu ya mji wajue ni ipi. Moja hunuka kama nyasi zilizokatwa, nyingine kama maua. Picha zile ni za kufundishia. Za kunusisha wanafunzi zilikuwa dhaifu, lakini hizo nne ni zenyewe hasa. Zilipaswa kuvunjwa uwanjani, watu wakiwa mbali. Vita vikaisha, hakuna aliyerudi kuzichukua. Nilidhani mwanangu Ethan alikwisha kuziondoa."

"Na ile ya kitunguu saumu?" Elieth aliuliza, na ile sauti ya kuita mbuzi haikuwapo tena.

"Hiyo ni mbaya kuliko zote. Ni mafuta. Yakikugusa hutahisi chochote. Unaendelea na shughuli zako, kisha baada ya saa kadhaa ngozi inafura malengelenge na kubanduka. Ukivuta mvuke wake, mapafu nayo yanafanya vivyo hivyo."

Elieth aliketi juu ya nguo alizokuwa amezikunja. Alijua sanduku liko kwa nani, na alijua chupa ile imekusudiwa kufanya nini.

Mnada wa mavuno wa kanisa lao, pale ukumbini katikati ya maghala ya Landover, una desturi yake. Anayeshinda hapeleki kitu kwake, ataonekana mroho. Husimama akatangaza anamzawadia nani, na aliyezawadiwa huja mbele akicheza. Sanduku lile alilishinda Ochieng, na Ochieng hana mke wa kumpa marashi. Basi akakitolea macho kifuniko, akaona kitunguu saumu, akapata wazo. "Hii ni ya Kogo!" akasema. "Mafuta ya kitunguu, dawa ya magoti!" Ukumbi ukalipuka kwa vigelegele, na Kogo Taprandich akaja mbele na mkongojo wake, akacheza kwa mabega tu kwa sababu magoti yalikataa. Elieth ndiye aliyepiga vigelegele kuliko wote.

Kogo ni bibi kwa Kikalenjin, na ndivyo kanisa zima lilivyomwita. Alikuwa amekuja kutoka Kapsabet kwa mahafali ya binti yake Jeptoo, akaanza matibabu ya magoti, muda wa viza ukapita magoti yakiwa bado. Aliishi na Jeptoo kwenye majumba ya kupanga ya Adelphi, na hakutoka nje ila kuja kanisani. Elieth alimpenda kuliko mtu yeyote wa kanisa lile, na sababu yake ilikuwa ndogo: wengine walizicheka hadithi za Elieth, Kogo alizikumbuka.

Alimpigia Jeptoo kwanza. Jeptoo alikuwa kazini Sterling, kwenye yale majengo ya kompyuta ambako simu za wafanyakazi hufungiwa kabatini mlangoni. Haikupokelewa. Akampigia Kogo, na Kogo akapokea kwa furaha.

"Elieth wangu! Nilikuwa nakufikiria saa hii hii."

"Kogo, shikamoo, ile chupa ya kitunguu iko wapi?"

"Iko hapa kwa jiko. Hiyo nta ya kizibo imekataa kutoka, nikaiweka kwa sufuria ya maji moto ilegee kidogo. Leo magoti yataona!"

"Zima!" Elieth alipiga kelele mpaka Bi Lorraine akaruka. "Zima jiko, Kogo! Ni sumu hiyo, inababua ngozi, usiifungue, usii..."

Ndani ya simu ukasikika mlango unagongwa, kwa nguvu, mfululizo. Kogo alivuta pumzi.

"Wamekuja," akanong'ona, na simu ikakatika.

Elieth alipiga tena. Imezimwa. Alipiga tena na tena, na kila mara yule mwanamke wa mashine alimjibu kwa upole uleule. Alielewa kabisa kilichotokea. Kogo amezima simu, ameacha kila kitu kama kilivyo, amekwenda kukaa sakafuni bafuni, na hatamwitikia binadamu yeyote. Ndivyo alivyofundishwa, na mwalimu ni Elieth.

Kiangazi kilichopita, magari ya maofisa wa uhamiaji yalipoanza kuonekana mara kwa mara kwenye maegesho ya Adelphi, wazee wa kanisa walitafuta mtu wa kuwafundisha waumini la kufanya. Wakamchagua Elieth, kwa kuwa karatasi zake zilikuwa safi na sauti yake ilifika viti vya nyuma. Alifanya vizuri kupita walivyotarajia. Alivichukua vile vijikaratasi vya mama yake Bi Lorraine, akaiga michoro yake, akatengeneza kadi: mlango, mtu amekaa chini, kidole mdomoni. Usifungue. Usijibu. Zima simu. Nenda chumba cha ndani kabisa ukae sakafuni. Aliwafanyisha zoezi mpaka watoto wakaliweza macho yamefumbwa. Aliyeuliza je, anayegonga akiwa jirani, alijibiwa kwa ukali: jirani atarudi kesho, hao wanajua jina lako, na wanaweza kumtuma hata mtu wa kanisani. "Hata mkisikia sauti yangu mlangoni," aliwaambia, "msiniitikie." Walimpigia makofi.

"Nipe koti langu," alisema Bi Lorraine.

"Bibi, wewe unabaki hapa."

"Kazi yako hairuhusu uniache peke yangu, na mimi siruhusu uende peke yako kwa kitu usichokijua. Koti."

Elieth alimfunga mkanda garini, akatupa kigari chake cha kutembelea nyuma ya Corolla, akapita Michigan Avenue kama mtu anayefukuzwa. Bi Lorraine alikaa wima amekumbatia mkoba wake. Walipofika Queens Chapel Road akasema kile ambacho Elieth alikuwa akikiogopa.

"Lazima tuwaite zimamoto."

"Hapana."

"Elieth."

"Bibi, hujui nyumba zile! Zimamoto wakija, polisi wanakuja. Polisi wakija wanauliza majina. Kogo hana viza. Nusu ya lile jengo hawana. Nitamtoa mwenyewe, chupa nitaichukua, na hakuna atakayejua."

Simu ikalia, akaiweka kwenye spika. Alikuwa Njuguna, ambaye tayari alikuwa amesoma ujumbe aliomtumia mbio mbio kwenye taa nyekundu.

"Elieth, tulia kwanza. Usiite serikali pale, please. Ukileta magari ya mataa, wasee wataruka madirisha. Ingia polepole, toa hiyo chupa, tupa kwa mto, story iishe."

"Mtoni?" alisema Bi Lorraine. "Muulize kama yeye hanywi maji."

"Nani huyo?" aliuliza Njuguna.

"Mwenye sanduku," alisema Elieth, akakata simu.

Kwenye maegesho hapakuwa na gari la serikali. Kulikuwa na Clement tu, jirani wa Kongo anayekaa mlango unaotazamana na wa Jeptoo, amesimama kwenye ngazi ya ghorofa ya pili na sigara mkononi, na miguuni pake sufuria yenye mfuniko. Alipomwona Elieth anakuja mbio, uso ulimshuka.

"Ni miye nilipiga mulango, mama," alisema. "Nilimuletea sombe. Nilipiga na nguvu juu anasikiaka mubaya. Kisha akanyamaza. Nikajua nimemuogopesha."

Hasira zilimpanda Elieth, zikakosa pa kutua. Sombe, yaani kisamvu! Mtu mwema, na chakula chake, na ngumi zake. Alimpita akaenda mlangoni. Juu ya tundu la kuchungulia ilibandikwa kadi yake mwenyewe, ile yenye kidole mdomoni.

"Kogo," aliita. "Ni mimi, Elieth. Hakuna maofisa. Alikuwa Clement, amekuletea mboga. Fungua, mama."

Kimya.

"Kogo, jiko! Zima jiko, utoke nje! Hiyo chupa ikipasuka utakufa!"

Kimya kilekile, kimya kilichofundishwa vizuri. Waswahili walisema mchimba kisima huingia mwenyewe, na Elieth alikuwa ameingia mpaka shingoni. Kila neno aliloweza kulitamka alikwisha kulipiga marufuku: jina lake, upole, vitisho, habari za hatari. Aliweka sikio kwenye mbao. Alisikia mngurumo mdogo, kama maji yanayochemka, au labda ni friji. Kisha akanusa kitunguu saumu. Sombe ya Clement ilikuwa na vitunguu saumu, ndiyo, iko pale chini imefunikwa. Lakini nani angeapa? Aligeuka akanusa kule, akanusa huku, na kila alikogeuka harufu ilikuwapo.

"Elieth!" Bi Lorraine alikuwa ameteremsha kioo cha gari. "Simama upande upepo unakotokea! Na unijibu: nipige simu au nisipige?"

Elieth alishika reli. Alimfikiria Kogo akitolewa mlangoni na wanaume wenye sare, mbele ya watu wote. Alimfikiria Kogo bafuni, mvuke ukipenya chini ya mlango, na yeye hajui hata kwamba anakufa, kwa sababu hauumi. Alilia kidogo, kwa hasira zaidi kuliko huzuni.

"Piga," alisema.

Bi Lorraine alipiga, na sauti yake ya darasani ikasikika mpaka juu ikitaja barabara, nambari ya jengo, na jina la ile gesi. Dirisha moja lilifungwa polepole upande wa pili. Jingine likafungwa. Jengo zima lilianza kunyamaza, ghorofa kwa ghorofa, kama kanisa lilivyofanya kwenye zoezi.

Sasa Elieth alitaka kitu kimoja tu: Kogo awe nje kabla hao hawajafika. Akiwa nje, atamwingiza garini kwa Bi Lorraine, ataondoka naye, na zimamoto watakuta chumba kitupu na chupa zote nne. Ndipo alipokumbuka swali la Jeptoo siku ya zoezi la mwisho. Na wakisema nyumba inaungua? aliuliza Jeptoo. Elieth alijibu bila kufikiri, na ukumbi ukacheka: hata wakisema, kaa hapo hapo mpaka unuse moshi.

"Clement, nipe kibiriti."

"Ya nini, mama?"

"Nipe!"

Clement alimpa. Elieth alinyakua mfuniko wa ile sufuria, akaugeuza juu chini mbele ya kizingiti, akatoa mkobani furushi la kadi zilizobaki. Zilikuwa kadi nzuri, za karatasi ngumu, alizilipia mwenyewe. Akaziwasha. Zilipoanza kufuka akazipepea kwa kitambaa chake cha kichwa, moshi ukaingia chini ya mlango, mzito, wa kijivu. King'ora cha kwenye korido kikaanza kulia juu ya vichwa vyao.

"Moto!" alipiga kelele, na sasa ile sauti ilirudi yote. "Kogo, nusa! Ni moshi wa kweli! Toka, mama, toka!"

Kisha ndani wakasikia miguu, ile miguu mizito isiyopatana na magoti. Ilikwenda upande wa jikoni. Elieth alisikia ikienda jikoni na hakuelewa. Maji yakamwagika, kitu cha bati kikaanguka, miguu ikarudi. Mnyororo ukatolewa. Kitasa kikazungushwa.

Kogo Taprandich alisimama mlangoni amekumbatia shali yake ya Jumapili, ameikunja mara kadhaa, ameishika kifuani kama mtoto mchanga. Macho yalikuwa yametoka pima.

"Rudini nyuma," alisema. "Nimebeba hiyo kitu. Moto ikiifikia itaua watu wote wa hii nyumba."

Clement alisema neno la Kifaransa na kubana ukuta. Elieth alikanyaga kadi zilizokuwa zinawaka, akazikanyaga mpaka soli ikanuka, lakini ilikuwa bure, kwa kuwa Kogo alikwisha kuupita mlango na alikuwa anaitazama ngazi. Hakuwa na mkongojo. Mikono yote miwili ilikuwa ndani ya shali.

"Iweke chini hapo, mama," alisema Elieth. "Hakuna moto. Iweke tu hapo."

"Na king'ora inalia?" Kogo alimtazama kama mtu anayemwonea huruma mjinga. "Toka njiani."

Akaanza kushuka. Yule mama aliyekuwa akishushwa ngazi za kanisa na vijana wawili alishuka peke yake, bega limeegemea ukuta, kila daraja akiuma meno. Elieth alishuka mbele yake kinyumenyume, mikono ameitanua, hathubutu kumgusa. Mara moja goti lilikatika na Kogo akayumba. Chupa ikagonga kitu ndani ya shali, kengele ndogo ya kioo. Elieth alisikia mkojo unataka kumtoka. Kogo akasimama, akameza mate, akaendelea.

Bi Lorraine alikuwa ametoka garini, amejishikiza kwenye mlango.

"Msikimbie," alisema. "Hapo kando ya mlango kuna ndoo ya chumvi ya kuyeyushia barafu. Aisimamishe ndani ya chumvi. Wima. Kisha mje kwangu, mje upande huu, upepo unatoka huku."

Kogo hakumjua mwanamke huyu, lakini alimtii. Aliinama mbele ya ndoo, akaifukia chupa katikati ya chumvi kwa mkono wa kushoto, shali nzima bado imemning'inia mkono wa kulia. Nta yote ilikuwa imeyeyuka na kizibo kilikuwa kimekaa upande. Walipofika kwa Bi Lorraine, Elieth alifungua mlango wa nyuma wa gari.

"Ingia, Kogo. Twende. Haraka, kabla hawajafika."

Walikuwa wamefika. Magari mawili mekundu yaliingia kwenye maegesho kwa pamoja na kuziba njia, na nyuma yao gari la polisi. Wanaume walishuka wamevaa mavazi mazito na vinyago usoni. Kogo aliyatazama mavazi yale, akayatazama mataa, kisha akamgeukia Elieth. Aliketi kwenye ukingo wa barabara, akavuta mkono wa kulia ndani ya ile shali, akainamisha kichwa, na uso wake ukafungwa.

Askari mmoja wa zimamoto alichuchumaa mbele yake. Alimuuliza kwa Kiingereza, kwa upole tu, kama ndiye aliyebeba chupa, kama imemgusa popote. Kogo alitazama lami. Aliuliza tena. Akamwambia Elieth amuulize kwa lugha yao.

"Kogo, imekugusa?"

Lami.

"Kogo, hawa si wale. Hawa ni wa moto. Wanataka kukusaidia, mama. Niambie kama imekugusa."

"Muulize tena!" alisema Bi Lorraine, na sasa hata yeye alikuwa na woga. "Haiumi mwanzoni! Wanaoguswa huapa hawajaguswa. Ni lazima aoshwe sasa hivi, si baadaye!"

Elieth aliuliza tena, akaomba, akapiga magoti pale barabarani. Mbele yake alikuwa mwanafunzi wake bora kuliko wote. Usijibu. Hata mkisikia sauti yangu. Alijua akiendelea kuuliza hadi jioni hatapata neno, kwa kuwa kuanzia mataa yale yalipoingia, yeye mwenyewe alikuwa mmoja wao. Aliona mkono wa kulia umefichwa ndani ya shali. Akanyoosha mkono wake mtupu aufunue.

"Usinishike!"

Kogo alijivuta nyuma mpaka mgongo ukagonga gurudumu.

"Usinishike, mwanangu," alisema. "Imemwagika. Itakubabua."

Elieth aligeuka na kupiga kelele kwa Kiingereza, mkono wa kulia, mkono wa kulia, na wanaume wakaja. Waliikata ile shali kwa mkasi na kuitia kwenye mfuko, wakakata na mkono wa gauni. Wakamwosha kwa maji na sabuni, maji mengi, mpaka kiatu cha Kogo kikajaa. Mkono ulikuwa mzima kabisa kwa macho, mweusi, laini, una bangili yake ya shaba, na hicho ndicho kilichomtisha Elieth. Juu kule mapazia yalisogea kidogo. Hakuna aliyetoka.

Askari yule aliuliza jina la mama, aliandike kwa ajili ya hospitali. Polisi alikuwa amesogea karibu, anasikiliza. Elieth alitaka kumwambia Kogo ataje jina lolote, jina la Jeptoo, jina la uongo. Kogo hakungoja. Alilitaja lote, lake, la baba yake na la ukoo, polepole, kama anaandikishwa shule. Kisha maji yakiwa bado yanamtiririka kiwikoni akamwangalia Elieth, na hakukuwa na ukali machoni mwake, alikuwa amechoka tu.

"Hiyo jiko nilizima, Elieth," alisema. "Ulisema zima, nikazima, hata kabla sijazima simu. Chupa ilikuwa inapoa tu kwa maji. Nilikuwa nimekaa kule kwa bafu nikikusikia, kila kitu ulisema nilisikia. Nikasema huyo ni Elieth, ananijaribu kama zile za kanisa, wacha nisimwangushe. Sasa kukaja hiyo moshi."

Askari aliuliza mama anasema nini, kuna jambo wanalopaswa kulijua? Kogo alimngoja Elieth. Bi Lorraine naye alimngoja, mkono wake mkavu umemshika bega.

Ndipo akaanza kutafsiri, kuanzia kwenye jiko lililozimwa, bila kuruka neno, na alipofika kwenye moshi akasema ni yeye aliyeuwasha.